Jini Asiyetaka Ubani

Hapo zamani, wala si zamani ya kumtafutia mtu shahidi, Jumatatu moja baada ya sala ya alasiri, kitabu kipya cha Zuwena Kheri kilifika Wete. Kilikuwa kimefungwa kwa gazeti. Aliyekipokea ni mwanamke mmoja jina lake Mize, na hakukifungua njiani. Alikwenda nacho moja kwa moja uani kwa Bi Kazija, kwa sababu vitabu vya Zuwena Kheri pale mjini havikusomwa na mtu peke yake.

Desturi ya ua ule ilikuwa hivi. Wanawake walikaa mkekani wakishona kofia za mkono, zile za vitobo ambazo bwana arusi huvaa siku yake. Mmoja hakushona. Huyo alisoma hadithi kwa sauti, na wenzake wakamshonea kofia yake kwa zamu, huyu safu moja, yule safu moja. Kitabu kikiwa kizuri, kofia ya msomaji huisha kabla ya zao. Kitabu kikiwa kibaya, hapana anayesema neno. Kofia ya msomaji huwekwa chini, basi.

Msomaji wao alikuwa Mize. Alikuwa amewasomea kila kitabu cha Zuwena Kheri, na kofia yake haikupata kuwekwa mkekani hata mara moja. Kila kitabu alikianza kwa ukurasa wa tabaruku, pale mwandishi anapomtaja mtu aliyemwandikia. Kimoja kilikuwa kwa mama yake mwandishi, kingine kwa mkunga, kingine kwa jirani aliyemwazima meza. Kila kitabu kilikuwa na jina moja tu.

"Iko siku utakuta jina lako hapo," Bi Kazija alikuwa akimwambia.

"Nalingoja," Mize alikuwa akijibu. Wenzake walicheka, lakini yeye hakuwa akitania.

Kitabu cha Jumatatu ile kiliitwa Bwana Arusi wa Kisimani. Kilikuwa habari ya Salha, karani wa posta, na jini aliyempenda. Wanawake wakafurahi. Riziki, ambaye alikuwa mdogo wao na alikuwa akimshonea mchumba wake, akasogea karibu na msomaji.

Mize akasoma sura ya kwanza. Jini akatoka kisimani. Jini akamtazama Salha. Salha akazimia.

Akasoma sura ya pili. Jini akaja dirishani. Jini akamtazama Salha. Salha akazimia.

"Kazimia tena?" Bi Kazija akauliza.

"Kazimia."

"Mpelekeni akapimwe damu."

Mize akasubiri kicheko kipite, akaendelea. Jini akasema, "Wewe ni wangu tangu mbingu hazijatandazwa." Kisha akatazama, kurasa tatu nzima.

"Anataka nini?" Bi Kazija akauliza.

"Anampenda."

"Hilo nimesikia. Nauliza anataka nini. Ubani? Marashi? Halua? Mbuzi mweusi?"

Mize akapekua kurasa za mbele. "Hataki kitu, Bi Kazija."

"Jini asiyetaka hata ubani. Huyo katoka wapi? Zuwena kaandika majini bila kuja kutuuliza sisi Wapemba?"

"Labda atataka sura ya tatu," Riziki akasema.

"Mwanangu, hata mchumba wako anataka kofia, na yeye ni mtu."

Bi Kazija alikuwa ameishika kofia ya Mize. Akafika mwisho wa safu, akakata uzi, akaiweka mkekani. Hakuna aliyeiokota.

Mize alirudi nyumbani akasoma sura ya tatu peke yake. Jini alikuwa bado anatazama. Akakifunga kitabu. Alijiona kama mtu aliyepeleka mgeni kwa watu, akamsifu njia nzima, na mgeni alipofika akakataa kuzungumza.

Siku ya pili alikaa mahali pake, akafungua sura ya tatu, akaukazia macho ukurasa, akasoma yasiyokuwamo.

"Jini akapiga hodi," alisoma. "Mama yake Salha akatoka. Akamwambia, 'Unataka kuoa hapa? Vizuri. Waoaji wa hapa huvaa kofia. Kashone yako, uje.'"

Sindano zikapunguza mwendo.

Jini akaenda kushona. Lakini vidole vya jini ni moshi, sindano ikapita katikati ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka. Salha akamwonea huruma, akachukua kitambaa, akamshonea kwa siri. Jini akarudi kwa mama na kofia mkononi. Mama akaigeuza, akaikaribisha machoni. Kila mwanamke anaijua mishono ya mwenzake kama anavyoijua sauti yake. "'Ajabu,'" Mize akasoma, "'jini huyu ana mkono wa mwanangu.'"

Uani pakaangua kicheko. Bi Kazija akanyoosha mkono, akaiokota kofia ya Mize, akatia uzi katika sindano.

Tangu hapo ikawa hivyo kila alasiri. Mize alifungua kitabu akasoma yasiyokuwamo. Jini akapelekwa kwa mjomba, akaulizwa ukoo wake, akajibu kwa kutaja pepo za pande nne, mjomba akasema hao hawajui. Jini akaalikwa chakula, akaunguza wali kwa kuupulizia tu. Jini akaomba ubani, akaambiwa kwanza akachote maji. Mize alikuwa akifunua kurasa kwa wakati wake, asije akatiliwa shaka.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo hakuyajua ila baadaye.

La kwanza ni hili. Jioni ile kofia ilipowekwa chini, Bi Kazija aliinakili nambari ya simu ya Zuwena Kheri, iliyokuwa imepigwa chapa nyuma ya kitabu. Akamtumia ujumbe wa sauti: "Bi Zuwena, mimi Kazija wa Wete. Tumesoma sura mbili. Watu wako wa zamani walikuwa wanagombana, wanapika, wanatukanana wakapatana. Huyu jini wako anakodoa macho tu. Umemwandikia nani kitabu hiki? Ukikasirika njoo tugombane. Nyumba yangu iko nyuma ya soko, ina mlango wa kijani."

La pili ni hili. Riziki alipatwa na homa akakosa siku mbili. Hakutaka kuachwa nyuma, kwa hiyo akaazima nakala ya binamu yake. Akatafuta kofia ya jini, haimo. Akatafuta mjomba, hayumo. Akakisoma kitabu chote, sura kwa sura, kuzimia kwa kuzimia, hadi neno la mwisho. Alipopona akarudi uani, akakaa mahali pake, akaichukua kofia ya Mize, akashona safu mbili mfululizo. Hakusema kitu.

Alhamisi moja mtu akapiga hodi mlango wa kijani. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani shingoni.

"Ni mimi Zuwena," akasema. "Nimekuja tugombane."

Akakaribishwa, akapewa mto, akapewa chai. Wanawake wakasongana kumpokea. Mmoja akamwambia, "Bi Zuwena, tulianza vibaya, lakini pale pa kofia ulituweza."

"Kofia gani?"

"Ile ya jini. Na yule mjomba."

Zuwena akavaa miwani. "Mimi sikuandika kofia," akasema. "Wala hakuna mjomba."

Kitabu kilikuwa mapajani mwa Mize, kimefungwa. Akaona hata akikifungua hakitamsaidia.

"Ni mimi," akasema. "Tangu sura ya tatu nawasomea yasiyokuwamo. Niliogopa mtamwacha. Na mimi mtaniacha."

"Tunajua," Bi Kazija akasema.

"Mnajua?"

"Najua mimi. Kofia ikishonwa na watu wawili, pale mkono ulipobadilika panaonekana. Nilisikia mkono umebadilika. Nikasema huu wa pili mzuri, wacha ushone."

"Mimi pia najua," Riziki akasema. "Nimekisoma."

Zuwena akaomba asomewe hiyo ya pili. Mize akaisimulia bila kitabu, kuanzia hodi hadi ubani. Mwandishi alicheka pale pa mjomba, na pale pa mkono wa mwanangu aliiweka chai chini.

"Niliambiwa majini wanauzika," akasema alipomaliza kusikiliza. "Nikaandika haraka. Watu wakanipigia simu, hongera, hongera. Nikimuuliza mtu umependa wapi, ananijibu kote. Bi Kazija peke yako ulinambia neno. Nitaanza upya. Na kama Mize ataniruhusu, nitaanza na kofia."

"Nakuruhusu," Mize akasema kwa haraka.

"Na ile sentensi?" Riziki akauliza.

"Ipi?"

"Karibu na mwisho. Salha anamwambia mama yake, 'Sitaki anipende milele. Nataka anisikilize mpaka nimalize kusema.' Nilipofika hapo nikasema, huyu ndiye Bi Zuwena wetu. Alikuwa amepotea, karudi."

Mize hakuijua sentensi hiyo. Hakuwahi kufika huko.

Zuwena akakiomba kitabu, akaitafuta, akaikuta. Akaisoma mara mbili. "Nilikwisha kuisahau," akasema. "Sasa nimejua kitabu kipya kitafunguka kwa maneno gani."

Alipoondoka akawaambia: "Kitakuwa cha mmoja wenu. Mmoja. Ukurasa ule sijapata kuweka majina mawili, na tabaruku ya kundi haimgusi mtu."

Ramadhani ikapita, na baada ya Idi akaja mtu na bahasha. Ndani mlikuwa na hadithi mpya, bado haijapigwa chapa, karatasi zimeunganishwa kwa uzi. Mize akafungua ukurasa wa tabaruku kwanza, kama kawaida yake. Ulikuwa na neno moja tu: Kwa.

"Mwenyewe ameshindwa," mleta bahasha akasema. "Kasema mjaze nyinyi, jina moja, nimrudishie leo."

Bi Kazija akasema: "Andika Kazija. Wote walimwambia hongera, mimi nilimwambia kweli. Nisingesema, asingekuja. Asingekuja, asingesikia kofia yenu wala sentensi yenu."

"Ulimhukumu kwa sura mbili," Riziki akasema.

"Wali ukiungua unataka nimalize sufuria?"

Riziki akasema: "Andika Riziki. Bi Kazija aliachia sura ya pili, da Mize aliachia sura ya tatu. Aliyekisoma kitabu chake chote ni mimi peke yangu. Nisingekisoma, maneno yake mazuri yangezikwa na mabaya, naye mwenyewe alikwisha kuyasahau."

"Ukajua Mize anatudanganya, ukanyamaza," Bi Kazija akasema.

"Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kujua jini ataoa au hataoa."

Mize akasema: "Andika Mize. Ningesoma kilichoandikwa, Zuwena angeishia sura ya tatu katika mji huu, na mngekuwa mmeshatafuta mwandishi mwingine. Kofia iliyomo humu ndani ni yangu. Mjomba ni wangu. Wali ulioungua ni wangu."

"Lakini ulisema ni vyake," Riziki akamjibu. "Ulimtilia maneno kinywani bila idhini, na sisi ukatutilia masikioni."

"Kweli," Mize akasema. "Lakini mlishona."

"Tulishona," Bi Kazija akakubali.

Wanawake wengine wakaulizwa. Wakagawanyika mafungu matatu. Wakaulizwa tena, wakagawanyika vilevile. Mleta bahasha alikuwa barazani, anamalizia kahawa yake, na alikwisha kuulizia mara mbili kama tayari.

"Ngojeni," Mize akasema. "Tusome kwanza."

Akafungua sura ya kwanza. "'Sitaki anipende milele,'" akasoma. "'Nataka anisikilize mpaka nimalize kusema.'" Akaendelea. Jini akapiga hodi. Mama yake Salha akatoka. Siku hiyo Mize alisoma kilichoandikwa, neno kwa neno, na hakubadilisha kitu. Kofia yake ilitoka kwa Bi Kazija ikaenda kwa Riziki, ikatoka kwa Riziki ikarudi kwa Bi Kazija. Sura ilipoisha, kofia nayo ilikuwa imeisha.

Kwa kuwa msomaji ndiye mwenye kushika kitabu, kalamu akapewa yeye. Akafungua ukurasa wa tabaruku, akauweka juu ya goti. Neno lilikuwa palepale, na mbele yake karatasi tupu. Bi Kazija akamtazama, Riziki akamtazama, mleta bahasha akapiga hodi. Mize akaondoa kifuniko cha kalamu.

Haya, nyinyi mliosikiliza mpaka tumemaliza kusema: aandike jina la nani?