Aliyemwonesha Nakundwa Msimu wa Pili

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, na mwenye kukohoa akohoe sasa. Kisa hiki kilitokea Same, mji ule wa upepo na vumbi chini ya milima ya Upare, na hadi leo hakijapata hukumu. Nikimaliza mimi, mtasema ninyi.

Walikuwepo watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa.

Mbazi alikuwa na banda la video jirani na stendi ya mabasi. Alichojaliwa yeye ni kupata. Filamu ambayo hata Moshi haijafika, Mbazi anayo, maana alikuwa na marafiki mijini waliomwekea vitu kwenye flashi na kumkabidhi kondakta wa basi. Na akishasema Jumapili saa kumi ataonesha kitu, hata mvua inyeshe, ataonesha.

Zihirwani alikuwa mchora mabango. Homa ya uti wa mgongo ilimwachia uziwi akiwa na miaka miwili. Alichojaliwa yeye ni macho. Alikuwa akipita mbele ya duka mara moja tu, na jioni angeweza kukuchorea kila kopo lililokuwa kwenye rafu, pamoja na paka aliyelala nyuma ya mizani.

Mkunde, dada yake Zihirwani, alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa shule ya msingi. Yeye alijaliwa ulimi. Lugha ya alama aliijua tangu utotoni kwa ajili ya kaka yake, Kiingereza alikisomea, na alipokusimulia jambo ulitamani asimalize. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayowaeleza alikuwa amemzika mumewe.

Sasa mjueni Nakundwa, maana bila yeye hao watatu wasingekutana. Alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na sita, mtoto pekee wa mama yake, na alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu. Siku za maumivu alilala, siku za nafuu alishona, na siku za nafuu kubwa alikwenda bandani kwa Mbazi kuangalia katuni za Kijapani. Aliyoipenda kupita zote iliitwa Walinzi wa Kisima Cheusi. Ilikuwa hadithi ya Sorane, msichana aliyevaa joho jekundu akashuka kwenye kisima kisicho na mwisho kumtafuta kaka yake, aliyechukuliwa na vivuli. Msimu wa kwanza uliishia pale Sorane aliposikia sauti ya kaka yake ikimwita kutoka chini. Banda zima lilisimama siku ile. Watu walitoka wakijadiliana hadi barabarani.

Kisha wakasubiri miaka mitatu.

Katika miaka hiyo ugonjwa wa Nakundwa ulipanda hadi machoni. Damu ilivuja nyuma ya jicho la kulia, halafu la kushoto, na madaktari wakafanya walichoweza. Habari ya msimu wa pili ilipofika Same, Nakundwa alikuwa amebaki kutofautisha mwanga na kivuli, basi.

Alimtuma mama yake kwa Mbazi kumwombea nafasi kwenye benchi la mbele. Mbazi alidhani anataniwa. Alipoelewa kwamba hakuna utani, alimwambia Mama Nakundwa amlete, na kwamba atatafuta mtu wa kumsomea. Ndipo alipomwendea Mkunde, aliyekuwa akija bandani na kaka yake, akamweleza shida. Mkunde akakubali, ila akasema maandishi ya chini ya Kiingereza atayatafsiri, lakini picha inakwenda mbio mno, hawezi kuyasoma na papo hapo kuona kila kitu. Kazi ya picha wakampa Zihirwani.

Ikawa hivi. Kila Jumapili saa kumi Mbazi anawasha, sehemu moja tu. Zihirwani anakaa ubavuni mwa skrini, anaangalia, mikono yake inaeleza kilichopo. Mkunde anatupa jicho huku kwenye maandishi na kule kwenye mikono ya kaka yake, na anamnong'oneza Nakundwa vyote viwili vikiwa kitu kimoja.

Sehemu ya kwanza banda lilijaa hadi watu wakasimama. Ya pili wakaanza kunung'unika. Ya tatu ukawa ugomvi. Wengine walisema wachoraji wamebadilishwa, sura ya Sorane si ile. Wengine walisema hadithi inakwenda polepole mno, dakika nzima msichana anashuka ngazi tu. Walikuwepo wachache walioitetea, wakasema hadithi imekua kama wao walivyokua, lakini wakazomewa. Lililowaudhi wengi lilikuwa giza. Picha ilikuwa nyeusi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Hili si giza la hadithi," alisema kijana mmoja wa bodaboda, "hii ni runinga mbovu ya Mbazi."

Watu wakacheka, wakatoka. Jumapili iliyofuata wengi wao walikuwa kwenye banda la upande wa pili wa barabara, wakiangalia mpira.

Nakundwa hakuridhika na kusimuliwa tu. Kila sehemu ilipokwisha aliwauliza wote watatu wameionaje. Aliwaambia yeye amepoteza macho, hivyo anataka kujua macho ya wenzake yameona nini, siyo hadithi peke yake.

Mbazi alisema waziwazi kwamba anauchukia msimu huu. Ule wa kwanza, alisema, ulimfanya aamke asubuhi afungue banda akiwa na nguvu. Huu unamfanya atake kulifunga. Zihirwani aliupenda kuliko kitu chochote alichowahi kuona. Alieleza kwa mikono kwamba giza lile si tupu, kuna nyuso ukutani, kuna maji yanayopanda kwa kiasi cha kidole kila sehemu, na aliyelichora alilichora kwa subira. Mkunde ndiye aliyekuwa na maoni mafupi kuliko wote. Alisema ni hadithi ya kweli na ni katili, na kwamba akirudi nyumbani hali chakula.

Watu walilalamika pia kuhusu joho. Bandani kila mmoja alisema watengenezaji wamesahau, joho la Sorane lilikuwa jekundu na sasa ni la kijivu. Zihirwani alitikisa kichwa. Akamweleza dada yake kwamba joho ni lilelile, limefunikwa na majivu, na upepo ukilipeperusha unaona wekundu kwa ndani. Nakundwa aliposikia hayo alimwomba mama yake kitambaa cha kijivu na cha bitana nyekundu. Akaanza kushona joho kwa mkono, kwa kupapasa, akiwa kitandani. Kila Jumapili alimuuliza Zihirwani jambo jipya: kofia yake ina kina gani, mkono unaishia wapi, kifungo kiko upande upi. Na Mkunde akawa anavusha maswali na majibu.

Kufikia sehemu ya nane, banda lilikuwa na watu wanne: mgonjwa, macho yake, ulimi wake, na Mbazi kwenye kiti cha mlangoni. Marafiki zake Mbazi walimshauri aachane na katuni ile aoneshe mpira kama wenzake. Alijibu kwamba alishamwahidi mtu. Wateja waliozoea kwa jirani hawakurudi, hata siku ambazo si Jumapili. Ilipofika sehemu ya kumi na moja, alikuwa ameshaweka mkeka wa kuuza nyanya mbele ya banda.

Sehemu ya mwisho ilimkuta Nakundwa hospitali. Maumivu yalikuwa yameingia kifuani na alipumua kwa msaada wa mashine ya oksijeni. Mbazi aliazima kompyuta ndogo, akamwomba muuguzi, na muuguzi akawapa nusu saa mchana, muda wa kuona wagonjwa. Wakaizunguka kompyuta pale kitandani.

Katika sehemu hiyo Sorane anamfikia kaka yake. Anakuta kwamba kisima hakimtoi mtu mpaka mwingine abaki, na anayetoka husahau kila kitu. Sorane anambeba kaka yake hadi kwenye ngazi ya mwisho, anamsukuma juu kwenye mwanga, na mfuniko wa jiwe unajifunga. Kaka anasimama juani. Anauliza watu hapa ni wapi. Jina la dada yake halijui.

Mikono ya Zihirwani ilieleza yote. Mkunde aliitazama, akamtazama Nakundwa na mirija yake puani, na ulimi ukamgeuka. Akasema Sorane na kaka yake wanapanda pamoja. Akasema mfuniko unafunguka, wanatoka wote wawili, wameshikana mikono, na kijiji kinawapokea.

Zihirwani hakusikia, lakini midomo ya dada yake aliijua tangu utotoni. Alisogea, akachukua kiganja cha Nakundwa akakiweka wazi. Kwa kidole akachora ngazi. Akachora mtu mmoja anapanda. Akachora mtu mmoja anabaki. Halafu akakifunika kiganja kile chote kwa kiganja chake, akakibonyeza, asikiondoe.

Nakundwa akauliza, "Dada Mkunde, kaka yako anasema nini?"

Mkunde alilia. Mbazi akatazama dirishani. Lakini Mkunde hakukimbia. Alijifuta uso, akaomba irudishwe nyuma, na akasimulia upya, neno kwa neno, kila ngazi, kila pumzi, hadi kijana yule aliyesimama juani asijue jina. Waliokuwa kwenye vitanda vya jirani waligeuka kusikiliza. Mbazi alikuja kusema baadaye kwamba ameiona sehemu ile kwa macho yake mawili, lakini aliielewa pale tu Mkunde alipoisema.

Ilipokwisha, wakamuuliza Nakundwa yeye ameuonaje msimu huu ambao mji mzima uliukataa.

Alisema taratibu, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Huu ni mzuri kuliko wa kwanza. Ule wa kwanza ulikuwa wa watu wenye muda."

Jumatano asubuhi Nakundwa alifariki.

Baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, Mama Nakundwa aliwaita wale watatu. Alikuwa na joho mapajani, kijivu kwa nje, jekundu kwa ndani, limekamilika hadi kifungo. Aliwaambia kwamba Jumanne mwanawe alimpa maagizo: joho apewe yule aliyemwonesha msimu wa pili. Mama alimuuliza ni yupi kati yao, lakini usingizi ulikuwa umeshamchukua, na hakuamka akaweza kusema tena.

Mbazi ndiye aliyeanza. Alisema haoni aibu kulitaka. Wenye macho na ndimi walikuwepo tele Same, lakini skrini iliwashwa na yeye, Jumapili baada ya Jumapili, kwa hadithi aliyoichukia, na mlango aliouacha wazi kwa ajili ya Nakundwa ndio uliompotezea wateja wa banda.

Zihirwani aligusa bitana nyekundu kwa vidole viwili. Mkunde akamtafsiria, ingawa ilimuuma kutafsiri. Zihirwani alisema kwamba yeye ndiye aliyeona wekundu ule wakati mji mzima ulisema hakuna, na kama si mkono wake, Nakundwa angekufa na hadithi ambayo haipo.

Mkunde alitaka kunyamaza. Mama Nakundwa alipomsihi, alisema alidanganya mara moja na anajua. Lakini maneno yote aliyoyasikia Nakundwa kwa wiki kumi na mbili yalipita kinywani mwake, ya picha na ya maandishi, na kila moja lilimgharimu. Wenzake walirudi nyumbani wakalala. Yeye alirudi nyumbani na kisima.

Ndugu mmoja aliyebaki pale msibani alishauri joho likatwe vipande vitatu. Mama Nakundwa alilikunja akalikumbatia, akasema mkasi hautaligusa.

Habari ikatoka nje, na wale waliokimbia sehemu ya tatu wakarudi na maoni. Stendi nzima inabishana. Wa bodaboda wanasema ni la Mbazi. Mafundi cherehani wanasema ni la Zihirwani, maana ndiye aliyelipima kwa macho. Walimu wanasema ni la Mkunde. Mama Nakundwa anasikiliza wote, anashukuru, na hajampa mtu.

Basi mmesikia. Mmoja aliuweka mlango wazi, mmoja aliona, mmoja alisema. Ungekuwa wewe ndiye mama, joho liko mapajani mwako na hao watatu wamekaa mbele yako, ungempa nani?