Gari la Masika la Mfalme Simba

Enzi zile wanyama walipokuwa bado wanaendesha magari, na Twiga ameshatoboa paa la gari lake kwa ajili ya shingo, masika yalianza vibaya katika nchi ya Tambarare. Mvua ya kwanza ilinyesha mfululizo, ikayaosha mawe yote ya chumvi ambayo wanyama walizoea kuyalamba. Ndama wakalegea miguu. Nyumbu walionekana wakilambana jasho mgongoni, na hakuna aliyewacheka, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akitafuta wa kumlamba.

Chumvi ilikuwepo, ila ng'ambo ya Mlima Mlenda, kwa mzee Tembo. Mlima uliitwa hivyo kwa sababu udongo wake mwekundu ukilowa uliteleza kama mboga ya mlenda yenyewe. Na desturi ya nchi ilijulikana: kila masika mfalme huifuata chumvi kwa gari lake mwenyewe, bila kubebwa na mtu, na huileta kabla mwezi haujaandama. Asipoileta, kiti hukaliwa na mwingine. Safari hii mwingine huyo alikuwa Chui, ambaye tangu mvua ianze alikuwa akipitapita mbele ya kiti akikipima upana kwa macho.

Simba alikuwa na gari jeupe. Kila asubuhi alijitazama kwenye mlango wake na kutikisa manyoya ya shingo, na gari nalo lilionekana kukubaliana naye. Tairi zake zilikuwa laini, za barabara kavu. Basi Sungura, fundi wa tairi, akamwendea.

"Mfalme, lifunge tairi za makucha," alisema. "Zina meno marefu, zinauma udongo. Hata wewe ukipanda penye utelezi, si hutoa kucha?"

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu. Lakini nisikudanganye, Sungura hakuyasema kwa wema. Stoo yake ilikuwa imejaa tairi za makucha, na kwa seti moja alitaka bustani yote ya viazi vitamu iliyokuwa nyuma ya jumba la mfalme.

"Gari hili halikanyagi matope," alisema Simba.

"Sasa mlima litaupandaje, Mfalme?"

"Hayo ya kupanda ni mambo ya magari madogo."

Fisi alikuwa karibu, kama kawaida yake pakitajwa malipo. Yeye aliuza magari makuukuu.

"Mfalme amesema vyema," alidakia. "Gari zuri huachwa nyumbani. Masika yana gari lake. Mimi ninalo moja la kijani, lichafuke hilo, na hata likigongwa hutalia. Nipe paja moja tu la nyati, tumemaliza."

Gari zima kwa bei ndogo kuliko tairi za Sungura. Mwenye kufikiri angeuliza kulikoni. Simba hakuuliza, maana kwake kuuliza ni tabia ya walala hoi. Akalileta paja, na Fisi akalila papo hapo akiwa amesimama, nyama na mfupa.

Sasa ukweli wa gari lile ni huu. Fisi alikuwa amechukua tairi vipara, akapasha kisu motoni, akazichonga mifereji mpaka zikaonekana zimetoka dukani. Ndivyo alivyowauzia Nguruwe na Nyani mwaka wa nyuma. Mvua ikinyesha, alikwenda kusubiri kwenye kona ya mlima na kamba, na yule yule aliyemuuzia gari akamlipa tena ili avutwe. Kwa hiyo kamba haikumtoka Fisi begani.

Sungura akalizunguka gari la kijani. Akapitisha kidole kwenye mfereji wa tairi, akakinusa. Kilinuka mpira wa kuungua. Akaelewa yote, lakini hakusema, kwani kumwambia Simba mbele ya watu kwamba ametapeliwa ni kazi inayofupisha maisha.

"Gari zuri," alisema. "Imebaki desturi tu."

"Desturi gani?" aliuliza Fisi.

"Muuzaji huketi kando ya mnunuzi mlima wa kwanza. Umesahau, ndugu yangu?"

Fisi hakuwa amesahau. Kwa Nguruwe aliitimiza kwa kupanda naye kichuguu kikavu, kisha akampa mkono wa kwaheri.

"Leo tumbo linanisokota," alisema.

"Pole sana. Basi utaikosa nyama. Nasikia kwa Tembo hukaushwa nyama ya chumvi kwa ajili ya wageni. Yeye mwenyewe hali nyama, kwa hiyo hubaki yote."

Tumbo likapona. Fisi akaingia garini kabla ya Simba.

Kona ya kwanza walipanda vizuri, na Simba akampungia mkono Chui aliyekuwa akitazama kutoka chini. Kona ya pili mifereji ikajaa udongo. Gari likanguruma, likasimama, kisha likaanza kuondoka kwa upole.

"Tunarudi nyuma," alisema Simba.

"Linajipanga, Mfalme."

"Bado tunarudi nyuma."

"Linajipanga sana."

Likajipanga mpaka mtaroni. Simba akashuka, matope yakamfika magotini, akaitazama tairi. Ile michongo ilikuwa imelika, kipara kimebaki kinang'aa kwa mvua. Akatazama jua, nalo lilikuwa limeanza kuinama, na mwezi ulitazamiwa kuandama jioni ile ile. Simba akaogopa. Nalisema mimi, kwa sababu yeye hatalisema. Aliwaza ndama wanaolala bila kuamka, akawaza Chui ameketi palepale alipoketi baba yake Simba.

Ndipo Sungura akatokea na pikapu yake ndogo, nyuma amepakia tairi za makucha.

"Nilikuwa napita tu," alisema, ingawa hakuna apitaye Mlima Mlenda masika bila sababu.

"Bustani chukua," alisema Simba. "Zifunge."

Sungura akafunga. Alipomaliza akagonga boneti, akasikiliza, akatikisa masikio.

"Tairi hazitateleza tena. Ila injini hii haina pumzi ya kufika juu. Na ukirudi kulifuata lile jeupe, jua halitakungoja."

Simba akamgeukia Fisi.

"Nirudishie paja langu."

"Mfalme, nimeshalila. Ulikuwepo."

"Basi limo ndani yako," alisema Simba. "Litavuta likiwa humo humo."

Akaitoa kamba begani kwa Fisi, akaifunga ncha moja garini na nyingine kiunoni mwa Fisi mwenyewe. Kisha akaketi kwenye usukani. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi, na Fisi alilijua hilo, ndiyo maana hakusimama kupumzika hata mara moja. Tairi ziliuma udongo, Fisi akavuta, gari likapanda.

Kwa Tembo walipakia magunia ya chumvi. Fisi akauliza kwa heshima kuhusu nyama.

"Nyama ipi, mwanangu?" alisema Tembo. "Mimi nakula majani."

Fisi akageuka amtafute Sungura. Sungura alikuwa ameshakwenda kupalilia viazi vyake.

Wakarudi hivyo hivyo, Fisi akivuta na gari sasa zito. Walipoingia Tambarare, anga la magharibi lilikuwa bado tupu, bila mwezi. Chui alikuwa ameketi kitini. Alipomwona Simba akainuka taratibu.

"Nilikuwa nakifuta vumbi," alisema, kana kwamba masika huwa na vumbi.

Chumvi ikamwagwa. Ndama wakalamba, mama zao wakalia kwa furaha bila kuona haya, na Simba akageukia pembeni kwa muda, akidai kuna inzi jichoni. Masika yaliyofuata gari lake jeupe lilifungwa tairi za makucha. Lilirudi likiwa jekundu mpaka madirishani, naye akatangaza kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Kwa Fisi mambo hayakuishia hapo. Nguruwe na Nyani walikuja na magari yao, wakadai na wao walichomlipa, kila mmoja akitaka avutwe mpaka kileleni. Fisi akavuta masika yote, uzito ukimkalia nyuma, hata mgongo wake ukashuka kiunoni na haujanyanyuka tena. Na mpaka leo akitembea hachoki kugeuza shingo, aone ni nani aliyeko kwenye usukani. Tamaa mbele, mauti nyuma.