Zimwi Lililoramba Shamba la Syombua

Hii nilipewa na shangazi yangu Ndinda, tukipukuchua mahindi.

Zimwi moja liliwadanganya watu: "Chomeni mabua, moshi utaita mvua." Wakachoma, wakapanda. Adhuhuri likaja, likaramba unyevu wote kwenye udongo mtupu, mahindi yakanyauka.

Syombua alibaki na kibaba kimoja cha mbegu na wana watatu wa kulisha. Akazipanda kwenye mashimo ya samadi, akafunika kwa mabua ya yale mahindi yaliyonyauka.

"We mama, funua!" zimwi likanguruma.

"Sifunui."

"Funua, nakwambia!"

"Sifunui! Ramba hivyo hivyo, kama ulimi unao!"

Likaramba, mabua yakalidunga. Likaramba tena, likameza samadi. Mara ya tatu ulimi ukakatika vipande vipande! Vikawa nyungunyungu, wakamlimia Syombua mpaka akavuna.

Haya, laleni. Kesho nisimwone mtu na kiberiti shambani kwangu.