Doa Chini ya Dhahabu

Inasimuliwa kwamba katika soko la vito la Basra ya kale aliishi mkaguzi wa almasi aitwaye Sheikh Ghazwan, Allah amrehemu. Akisema jiwe ni safi, hapana aliyeuliza tena. Desturi yake ilikuwa kulitoa jiwe kwenye dhahabu yake, alitazame likiwa tupu, kila upande, kwa mwanga wa asubuhi.

Siku moja tu aliiacha desturi hiyo. Muuzaji alikuwa rafiki yake, akamwambia, "Shekhe, mimi na wewe tena?" Ghazwan akaona haya. Akalitazama jiwe likiwa ndani ya pete, akashuhudia mbele ya watu kuwa halina doa.

Haya gani hizo, ndugu zangu? Umwonee haya rafiki, Mola wako usimwonee! Nikifika hapa damu hunichemka, mtanisamehe.

Aliyeinunua pete ile alifariki, akamwachia mkewe, Bibi Rabab. Baada ya miaka saba mwanawe Hudhaifa akatekwa na wanyang'anyi wa jangwani. Fidia isipofika Ijumaa, angeuzwa utumwani. Mama hakuwa na kitu kingine. Akaja na pete yake kwa Ghazwan, amkagulie jiwe apate kuliuza.

Safari hii Ghazwan alilitoa. Pale ukingoni, dhahabu ilipokuwa imefunika, palikuwa na doa jeusi ndani kabisa ya jiwe. Thamani yake haikufika hata robo ya fidia.

Jirani yake dukani, Nadhir, akamnong'oneza, "Mwambie amelibamiza mahali. Mwanamke huyu atajua nini?"

Lahaula! Na huyo alikuwa ametoka kuswali sasa hivi!

"Nyamaza!" Ghazwan alifoka, soko zima likageuka. "Doa la ndani almasi huumbwa nalo, haliingii kwa pigo." Kisha akamwelekea yule mama. "Bibi, doa hili lilikuwapo siku ile. Nilishuhudia nisichokiona."

Bibi Rabab hakumshukuru. Amshukuru kwa lipi? Akasema, "Mume wangu hakununua jiwe, Shekhe. Alinunua neno lako. Leo mwanangu amefungwa kamba kwa neno hilo."

Ghazwan akainuka. Akafungua kasha, akatoa almasi yake pekee iliyo safi, akiba ya uzee wake. "Chukua hii. Ila usiniamini. Nenda mlangoni kwenye mwanga, uitazame mwenyewe."

Akaitazama, kila upande, bila haraka, na Shekhe akasimama akingoja. Alhamisi Hudhaifa alilala kwao.

Lile jiwe lenye doa Ghazwan alilitundika mlangoni, tupu, bila dhahabu. Wateja wakitaka kulinunua alijibu, "Haliuzwi. Huo ni ushahidi wangu."

Nanyi mnaomshuhudia mtu wema msioujua, kwa kuwa ni rafiki, ni shemeji, mlikula naye pilau! Siku ya Hesabu kila jiwe litatolewa kwenye pete yake. Tumwombe Mola atujaalie kuyaona madoa yetu leo, kungali asubuhi.