Shuka ya Jani Changa la Mgomba

Alikuwapo Sultani Dhulfikari bin Tamimu, mwenye kutawala mji wa Burhani, na binti yake wa pekee, Siti Ruzuna, alikataa chakula tangu mama yake afariki, akawa hasemi ila neno moja: "Nataka rangi ya mama."

Sultani akaamuru watia rangi wote waletwe, atakayeipata amwoe binti, na atakayeshindwa afungwe. Wote wakaingia gerezani, hata akabaki kijana mtia rangi, Shebwana, peke yake, naye mwalimu wake alikuwa huko ndani. Akikoroga pipa lake la rangi, akaokota pete ndani yake, akaisugua, na jini mkubwa akasimama mbele yake.

"Labeka, bwana wangu! Nitakuletea vitu vitatu, ila sharti uvitaje."

Wakaenda barazani kwa Sultani. Shebwana akataja shuka ya kijani, ikaja, na binti akageuza uso. Akataja ya manjano, ikawa vilevile. Na kila mara alimwambia jini, "Ahsante, ndugu yangu, nimekuchosha."

"Taja yoyote tumalize!" akafoka Waziri, ambaye njaa ya binti haikumuuma yeye.

Jini, aliyetumwa miaka mia tisa bila kushukuriwa hata siku moja, akainama sikioni mwa Shebwana. "Kukutajia nimekatazwa. Lakini umeniita ndugu. Muulize binti mwenyewe."

Shebwana akapiga magoti. "Siti yangu, mama alikuwa akifanya nini na rangi hiyo?"

Binti akanyoosha mkono wenye kovu. "Niliungua. Mama akakimbilia bustanini, akakata jani la mgomba lililokuwa bado limejiviringa, akanifunga nalo, akanipepea mpaka nikalala."

"Ewe ndugu yangu," akasema Shebwana, "niletee shuka ya rangi ya jani changa la mgomba."

Ikaja, manjano haijaisha na kijani hakijafika. Ruzuna akaikumbatia, akalia kwa sauti, kisha akasema, "Baba, nina njaa."

Gereza likafunguliwa siku ile ile, na harusi ikaliwa siku saba, na Shebwana akamrudishia jini pete yake, awe huru.

Basi huko Burhani, aliyeuguzwa akapona humpelekea aliyemuuguza nguo ya rangi hiyo, naye huipokea bila kuuliza sababu. Nguo ya kwanza Shebwana aliitia rangi kwa mikono yake mwenyewe, akampa jini, naye akaipiga kilemba. Ahsante haimfilisi mtu, na jini yule, wasema wazee, hajakivua kilemba chake mpaka leo.