Fundi Aliyemwagilia Gugu Karoti

Jumatano, mwezi kumi na saba Rajabu, saa nne na robo asubuhi, mwanamke mmoja aliweka kikapu cha miche chini ya dirisha, akasema kichwa kinamwuma, akaingia ndani kujinyoosha. Hakuamka tena.

Ndugu zangu, nivumilieni nikisema polepole.

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Kitambaa alikijua kwa kidole, hata ukimfumba macho. Lakini jani hakulijua mpaka liive na kuletwa na ugali. Bustani ya nyuma ya nyumba ilikuwa ya mkewe: mnavu, mchicha, bamia, na mrehani karibu na mlango. Na mama yule hakuweka uzio. Aliyepita akiwa hana mboga, alichuma. Aliyeomba mche mmoja, alipewa mitatu.

Siku ya tatu baada ya maziko, wageni walipotawanyika, fundi alisimama pale nyuma akakumbuka tuliyofundishwa: kwamba mtu akipanda mmea, kisha ukaliwa na ndege, au mnyama, au mwanadamu, basi ni sadaka kwa aliyepanda. Akaweka nadhiri. Akasema, katika bustani hii sing'oi hata jani moja, maana nikikosea nikang'oa alichopanda yeye, nitakuwa nimemkatia sadaka yake.

Basi akawa anamwagilia kila kitu. Kila alfajiri baada ya swala, madumu manne kutoka bombani. Mvua ikakatika, yeye hakukatika. Ukaota mmea wenye majani kama ya karoti na vimaua vyeupe, vidogo, vingi. Ukashika upande mmoja, ukashika na wa pili. Naye akafurahi, akasema moyoni, tazama, mke wangu alipanda maua na hakuniambia.

Majirani waliona. Mmoja alimtania kwamba siku hizi fundi amekuwa bwana shamba, akacheka, akapita. Mbuzi wa mwingine alikula pale, maziwa yakawa machungu. Mwenyewe akamfunga mbuzi wake na hakusema neno. Watoto waliochuma vile vimaua walijikuna mpaka kwenye viwiko, mama zao wakawakataza kupita njia ile. Si kwamba walimchukia. Walimwonea huruma. Walisema, mwacheni, bado ana msiba.

Mwezi wa tano baada ya maziko akaja shoga wa marehemu, kutoka kijiji cha juu. Mnavu wake ulikuwa umekauka, naye alitaka mbegu, maana hata ule wa kwanza aliutoa hapa hapa. Akazunguka nyuma, akamkuta fundi na dumu mkononi.

"Shemeji, unamwagilia nini?"

"Bustani ya shoga yako."

"Na haya maua?"

"Haya hasa. Yamekubali sana."

Mama yule akakaa chini, pale pale kwenye udongo, akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso. Akasema, "Shemeji, hili ni gugu karoti. Shoga yangu alikuwa analing'oa kila Alhamisi, amejifunga mifuko mikononi lisimwashe. Mara ngapi nimemsaidia. Mnavu wake uko wapi?"

Fundi aliuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo miezi yote hii, hakuna aliyekula?"

"Nani ale hili, shemeji?"

Akaliweka dumu chini. Waling'oa wote wawili mpaka adhuhuri. Na chini kabisa, kando ya jiwe la kufulia, wakakuta mnavu mmoja, mwembamba kama uzi, umepauka kwa kukosa jua. Ulikuwa na matunda mawili meusi.

Sasa nawauliza, na mimi najiuliza. Nani kati yetu hamwagilii kitu kwa jina la marehemu wake? Baba alikufa hasemezani na mdogo wake, nasi tunailea chuki ile, tunasema ni kumheshimu baba. Nani ametuambia kwamba baba, katika sijida zake, hakuwa akijitahidi kuing'oa? Tunakirutubisha kile kile ambacho wao waliamka kila siku kukipiga vita.

Na sisi tuliopita njiani je? Msiniulize nyumba ya fundi iko wapi. Mnaipita mkija hapa msikitini. Mlimwona na madumu yake, mkanyamaza, na kunyamaza huko mkakuita rambirambi. Siwalaumu. Hata yeye hawalaumu. Lakini aliyempenda ni yule aliyekaa kwenye udongo akamwuliza mnavu uko wapi.

Ule mnavu mmoja umezaa. Miche iko barazani, kwenye makopo. Mkitoka, kila mmoja achukue wake akapande, na jirani akipita hana mboga, msimzuie.

Tuinue mikono.

Ewe Mola wetu, mja wako Zaituni binti Hemedi ulimwita akiwa na udongo kwenye kucha zake. Msamehe. Mpanulie kaburi lake, ulitie nuru. Kila jani la mnavu litakaloliwa kutokana na mbegu yake, hata kama limepandwa na mkono mwingine, mwandikie yeye. Na maji yale ambayo mumewe alilimwagia gugu kwa kumpenda, Mola wetu, usiyaache yapotee, yafikishe kwake. Amina.