Majivu ya Mize

Hapo zamani, enzi za halua kukorogwa kwa nyimbo, Fundi Faki alikuwa na jiko ambalo sakafu yake ilikuwa imekunywa samli miaka na miaka. Hata paka walipita pembeni.

Kila asubuhi Mize, mwanafunzi wake, alimwaga majivu sakafuni. Kila asubuhi wenzake, Kibwana na Mshamu, walimcheka: "Bi Majivu! Hapa kaanguka nani?"

"Hajaanguka mtu kwa sababu namwaga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

Wakazidi kucheka, naye ilimuuma. Alitamani kuurithi mwiko mkuu wa Fundi, na mwiko haujapata kupewa mtu wa majivu.

Siku ya harusi ya binti wa liwali, Kibwana akamwaga samli karibu na meko. "Nitaifuta baadaye," akasema. Fundi akajitwika sinia la halua, akakanyaga. Lahaula! Akateleza huyooo, kanzu inapepea! Mshamu alikuwa ameshavuta kibao cha kukunia nazi kutoka njiani, basi Fundi akapita bila kujikwaa. Akafika penye majivu, miguu ikanata, sinia likaruka. Kibwana akalidaka!

Fundi akakaa kitako, akacheka hadi machozi. "Aliyeiokoa halua hii achukue mwiko wangu!"

"Ni mimi," akasema Kibwana. "Nimedaka, tena nimeungua."

"Na samli kaimwaga nani?" akauliza Mize.

"Mimi. Na kosa langu nimelirekebisha kwa mikono yangu."

Mshamu akadakia, "Nisingeondoa kibao, Fundi angevunjika shingo kabla hajakufikia!"

"Ulikiondoa ukikalie, mvivu wewe!" akafoka Kibwana.

"Nilikikalia, ndiyo. Kwani njia haikuwa wazi?"

Mize akapiga mguu chini. "Bila majivu yangu angeishia kisimani kule uani, yeye na sinia na kilemba chake!"

"Bila majivu yako," akasema Kibwana, "angeteleza raha mustarehe mpaka mlangoni kwa bibi harusi. Majivu ndiyo yaliyomwangusha!"

Jiko zima likaangua kicheko. Mize naye akacheka, hakujizuia, lakini macho yake hayakubanduka kwenye mwiko. Fundi akauinua, akaupeleka kwa huyu, akaurudisha, akaupeleka kwa yule.

Haya, ninyi mnaoshika mbavu: mwiko ni mmoja, na halua inapoa. Mngempa nani?